Mkono Usioelea

Jumatatu, 3 Machi

Kaka,

Sikuamkii leo. Ukimaliza kusoma utajua kwa nini, na usipojua, soma tena.

Mkono wa kupimia, ule wa chuma, umerudi kutoka karakana yenu wiki iliyopita, umelazwa vizuri kwenye sanduku lake, na karatasi juu yenye sahihi yako: umekaguliwa, umesawazishwa, uko tayari. Msimamizi akautoa, akaufunga mezani, akaukunja kiwiko, akauinua usawa wa kifua chake, akauachia. Ukaelea. Akanitazama kama vile yeye ndiye aliyeuunda, akasema, "Haya mpimaji, kazi kwako," akaenda zake kunywa chai.

Kazi kwangu kweli. Unajua ninachopima hapa. Ni makasha ya pampu za maji, mengine makubwa mtu anaweza kuingia akakaa. Lazima ninyooshe mkono mpaka mwisho, ncha iguse kule ndani kabisa ambako beringi itakaa, niguse hapa, niguse pale, kompyuta ipige hesabu zake. Begani mwa mkono huo wa chuma kuna springi ili yenyewe ibebe uzito, mimi nibebe akili tu. Maneno hayo ni yako. Uliniambia siku ya kwanza uliponifundisha kazi hii: mkono uliosawazishwa vizuri mtu anaushika kama anavyoshika kalamu.

Basi kalamu yako ina uzito wa ndoo ya maji. Nikiunyoosha unashuka. Nikiuachia unaanguka. Naongoza ncha kwa mkono wa kulia huku bega hilohilo likibeba chuma chote, na mchana ukifika linawaka moto, vidole vinatetemeka na vipimo vinaruka. Tundu moja nimelipima mara tatu nikapata majibu matatu. Msimamizi ameanza kusimama nyuma yangu. Anasimama tu na kikombe chake, na mimi nasikia anavyomeza.

Umefanya nini, Kaka? Ulikuwa na haraka? Ulikuwa na usingizi? Tangu nianze kazi hapa hujawahi kunirudishia kitu kibovu, na ndiyo maana wenzangu wote wanajua kwamba fundi wetu ni ndugu yangu. Nilikuwa najivuna. Sasa najificha.

Naandika kwa sababu kwenye simu utanitania mpaka nicheke, halafu nisahau nilichokasirikia. Barua nimempa dereva wa vifurushi anayekuja huko kwenu, na jibu umpe yeye.

Na Mama je? Nikipiga simu unapokea wewe. Mara amelala, mara anaoga, mara yuko kwa jirani. Siku hizi Mama anaoga sana. Mwambie nataka kumsikia.

Mdogo wako niliyeudhika,
Nukta


Ijumaa, 7 Machi

Mdogo wangu Nukta,

Marahaba, hata kama hukuniamkia.

Kosa langu nilifungua barua yako mbele ya wenzangu nikidhani umeniandikia habari njema. Wamecheka mpaka wakaacha kazi. "Fundi mkuu amepigwa viboko na mdogo wake!" Asante sana kwa heshima.

Sasa nisikilize, na usinifundishe springi. Mkono ule umetoka hapa ukielea. Nimeuachia mwenyewe na mkubwa wangu akiona. Msimamizi wako kauachia na wewe ukiona. Watu wote hao wana macho, isipokuwa mimi ndiye kipofu?

Kabla ya kunivua nguo hadharani, angalia kwanza kitako cha mkono umekifungaje mezani. Springi haijui juu ni wapi na chini ni wapi. Inajua tu pale fundi alipoikaza. Kitako kikilala kidogo, uzito unavuta huku na springi inavuta kule, na mpimaji anabaki katikati akimlaumu kaka yake. Au pengine umefunga ile ncha ndefu nzito mliyonunua mwaka jana, na hukuniambia. Angalia hayo mawili, halafu uniombe radhi. Nitaipokea radhi kwa dereva huyohuyo.

Jambo jingine, na usikasirike. Bega lako umelitumia miaka mingi. Mtu kuchoka si aibu. Ukiona kazi imekuzidi, nyumbani ni nyumbani, chumba chako kipo, na majuzi nimekipaka rangi. Ungekuja ukapumzika hata mwezi mmoja. Nasema tu.

Mama hajambo, anakusalimia. Nimemsomea ile ya kuoga, amecheka sana, anasema anayeoga sana anazeeka polepole.

Kaka yako


Alhamisi, 13 Machi

Kaka,

Nimeweka pima maji kwenye kitako. Kiputo kimekaa katikati, hakikwenda huku wala kule. Ncha ni ileile fupi, na nimeipeleka stoo ikapimwa kwenye mizani nisije nikaambiwa imenenepa. Kwa hiyo radhi yako hiyo itafute kwa mwingine.

Na huo mkono wako unaoelea umeniangukia.

Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa nimeingia nusu mwili ndani ya kasha, nimeunyoosha mkono mpaka mwisho, jasho limeniingia machoni. Nikaondoa mkono wangu mmoja kujifuta. Mara moja tu. Chuma kikashuka, nikakidaka kwa bega la kulia, kitu ndani ya bega kikafanya ta! kama kamba inayokatika. Ncha ikagonga ukuta wa kasha ikavunjika. Nilipiga kelele mpaka waliokuwa kwenye tanuri wakaja mbio.

Daktari anasema kano imechanika. Si yote, nusu. Anasema nisiinue kitu kizito kwa mkono huo kwa miezi, na huenda usinyanyuke tena kupita sikio. Navaa nguo kama mtoto, kwa kusaidiwa.

Unajua msimamizi alisema nini? Hakuniuliza naumwa wapi. Aliokota ncha, akaitazama, akasema, "Nilijua. Huyu mwanamke mkono umemwishia." Siku ya pili yake nikakuta meza ya vipimo amepewa jamaa mmoja kutoka upande wa kufua chuma, tunamwita Mbavu kwa jinsi alivyojengeka. Mimi nimewekwa stoo, nagawa boliti kwa dirisha dogo. Walewale niliokuwa nawarudishia makasha mabovu sasa wananiita "dada wa boliti". Wanacheka nikiwaona. Mkono ule nimeupigania mimi Kaka, unajua. Walitaka kumpa mwanamume tangu mwanzo, nikawashinda kwa kupima, nikikosea chini ya unywele. Leo nimekosea kwa sababu ya kazi yako.

Na wewe unaniandikia habari za chumba! Nani kaulizia chumba? Nani kasema nimechoka? Mimi nakuambia springi, wewe unaniambia rangi! Ningekuwa karibu ningekumwagia hiyo rangi kichwani.

Sitaki salamu za Mama kwa kalamu yako. Nataka sauti yake.

Nukta


Jumanne, 18 Machi

Mdogo wangu,

Nimepata barua. Pole sana kwa bega. Pole sana, Nukta.

Sikujua kwamba litafika huko. Liangalie vizuri, fuata maneno ya daktari, usijifanye shujaa.

Huo mkono muurudishe huku, nitautazama tena. Usiwe na wasiwasi kuhusu hilo.

Kwa kuwa sasa huwezi kufanya kazi, njoo nyumbani. Stoo si mahali pako. Hapa kuna daktari mzuri wa mifupa, na Mama atafurahi. Omba ruhusa wiki hii hii. Nitakutumia nauli.

Mama hajambo.

Kaka yako


Jumatatu, 24 Machi

Wewe,

Nimeisoma barua yako mara nyingi sana stoo, kwenye lile dirisha langu la boliti. Ni barua fupi. Wewe hujawahi kuniandikia barua fupi maishani mwako. Nikikutania kidogo unanijibu kurasa nne, nikikutukana unajibu sita. Safari hii nimekuambia umenivunja bega na hukubisha. Hukuniambia kitako, hukuniambia ncha, hukuniambia msimamizi ana macho. Umesema "sikujua kwamba litafika huko". Huko wapi? Lilikuwa linakwenda wapi, mpaka ukashangaa lilikofika?

Basi sikiliza niliyoyaona. Wiki iliyopita Mbavu alikuja dirishani, bega amelikandamiza kwa kitambaa cha maji. Mtu anayebeba nyundo ya kilo kumi kutwa nzima! Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, samahani. Ule mkono una shetani." Wakati wa chakula nikaenda naye mezani. Nikamwambia akunje kiwiko, alete mkono karibu, auachie. Ukaelea. Nikamwambia aunyooshe hadi mwisho, auachie huku ameweka godoro chini. Ukaanguka kama gunia. Tukarudia. Karibu unaelea, mbali unaanguka. Karibu unaelea, mbali unaanguka.

Nikakaa chini pale pale sakafuni.

Kwa kuwa wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Springi moja haiwezi kubeba sawasawa kila mahali. Fundi lazima achague: aikaze kwa anayefanya kazi karibu, au kwa anayefanya kazi mbali. Na ndiyo maana kila mwaka, kabla hujagusa skrubu, unaniuliza, "Nukta, mwaka huu mbali au karibu?" Kila mwaka! Mwaka huu hukuniuliza. Nilidhani umekumbuka. Kumbe ulikumbuka vizuri mno. Ukajua mimi ni wa mbali, ukajua msimamizi anajaribia karibu, usawa wa kifua, halafu anakwenda kunywa chai. Ukaukaza pale pale ambapo yeye ataridhika na mimi nitaumia.

Fundi mwingine ningesema amekosea. Wewe hukosei. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na mimi nilikuwa najitangazia nguo hiyo kiwanda kizima.

Nimekukosea nini? Umenionea wivu? Umelipwa na msimamizi? Sema. Maana Ijumaa ya wiki ijayo mwenye kiwanda mwenyewe anakuja, Mbavu amemwambia msimamizi kwamba mkono ndio mbovu, na sasa wanataka niseme mbele yake kosa ni la nani. Nikisema ninachokijua, wataandikia karakana yenu na wewe utaondolewa siku hiyo hiyo. Na mimi nataka kusema. Nataka sana. Kila nikijaribu kuchana nywele nataka zaidi.

Una siku chache za kunieleza.

Mpimaji


Ijumaa, 28 Machi

Nukta,

Sema. Waambie. Nimechoka.

Hakuna aliyenilipa, na wivu wa nini? Ulitaka kujua, basi pokea. Mama hawezi kusimama.

Alipata kiharusi mwezi wa kumi na moja, asubuhi, akiwa anafagia. Upande wake wa kulia umelala wote, mkono na mguu. Mdomo ulikwenda upande, sasa umerudi kidogo. Fahamu zilipomrudia, kitu cha kwanza alichosema, na ilimchukua muda kukisema, ni: "Nukta asijue." Akanishika kwa mkono mzima akaniapisha. Kwa kaburi la Baba, Nukta. Nisikuambie kwa simu, nisikuambie kwa barua, nisimtume mtu. Mdomo wake ulikuwa umepinda vile na ananiapisha, ningefanya nini? Nikaapa.

Tangu siku hiyo namwinua mimi. Asubuhi kutoka kitandani mpaka kitini, kutoka kitini mpaka bafuni, kutoka bafuni mpaka kitini. Ndiyo, Mama anaoga sana! Nakimbia kazini, jirani anamtazama mchana, narudi namwinua tena. Usiku anataka kugeuzwa. Na huwa ananitania, anasema laiti ungeoa mngekuwa wawili wa kuniinua. Mgongo wangu umekwisha. Kuna siku nimemaliza kumkalisha nikabaki nimeinama, sikuweza kunyooka, nikafunga viatu nikiwa hivyo hivyo, kwa kuwa nilikuwa nimeshafika chini.

Na wewe ulikuwa wapi? Mwisho wa mwaka ulisema kazi nyingi. Mwaka juzi ulikuja siku mbili, zote ukalala, Mama akawa anatembea kwa vidole asikuamshe. Unapiga simu, unasema nisalimie, unakata. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mdogo wangu. Wewe umekuwa unashika kalamu miaka yote hii kwa sababu kuna mtu huku anabeba chuma. Hujawahi hata kuuliza ni nani.

Sikuweza kuvunja kiapo, mpaka leo. Mara ngapi nilikuambia njoo? Hukuja. Mwezi wa pili sanduku likafika mezani kwangu, nikaufungua ule mkono, nikashika bisibisi, nikasimama nayo muda mrefu. Sikulegeza skrubu yoyote kihuni. Nilichagua tu. Mbali au karibu. Nikajiambia atachoka, atajisikia vibaya, ataomba mapumziko, atakuja, ataona kwa macho yake, na mimi nitakuwa sikusema neno. Nilidhani nina akili sana. Lile la kano sikuliwaza. Nilikuwa nalala saa chache sana, Nukta, na sikuliwaza.

Bega lako nitalikumbuka mpaka nife. Lakini usiniambie kwamba mimi ndiye niliyeanza kukutupia uzito. Uzito ulikuwepo, ila hukuuona.

Sema utakachosema kwa mwenye kiwanda. Usinionee huruma.

Kaka yako


Jumapili, 30 Machi

Wewe Nukta,

Mwandiko usikushtue. Huu ni mkono wa kushoto, haukuwahi kwenda shule. Nimeandika tangu asubuhi.

Nilimsikia kaka yako jikoni analia, mwanamume mzima, sufuria mkononi. Nikamwita. Nikambana mpaka akasema yote na akanisomea barua zako zote. Ningekuwa na mguu ningempiga teke. Nilimlea mimi, nikamwambia kazi ya mtu haichezewi, akaenda akachezea ya dada yake. Nimemnunia siku mbili. Lakini yeye ndiye anayenigeuza kitandani, kwa hiyo kununa kwenyewe kugumu.

Na wewe nimekukasirikia. Miaka hujakaa na mimi hata tukasongana nywele. Halafu unamwandikia kaka yako "Wewe". Nani amekufundisha? Si mimi.

Na mimi mwenyewe nimejikasirikia. Mficha maradhi kifo humuumbua, nimelisema hilo kwa wenzangu mara nyingi, likanishinda mimi. Kaka yako ameshaniona kila namna. Ameniosha. Hakuna kilichobaki. Nikataka abaki mtoto mmoja ambaye akifumba macho ananiona nimesimama mlangoni nimeshika kiuno, namgombeza. Ni hicho tu nilichotaka. Nyinyi mkakigeuza vita.

Usije. Nasema usije. Tibu bega lako, rudi kwenye meza yako, washinde hao wanaume. Ukija nitakufukuza kwa huu mkono mmoja, bado una nguvu.

Kula vizuri.

Mama yako


Alhamisi, 3 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu Mama amesema. Bado nakuchukia, na nitaendelea kukuchukia kwa muda, usiniharakishe.

Barua yako na ya Mama zimefika pamoja. Nilisoma yako kwanza nikataka kuichana. Nikasoma ya Mama, nikafunga dirisha la boliti, nikawaacha watu wanagonga. Wakagonga, wakatukana, wakaenda. Herufi zake zinapanda mlima, Kaka. Yule aliyekuwa anatuchapa tukiandika nje ya mstari.

Mwenye kiwanda hakungoja Ijumaa, amekuja leo asubuhi. Tukaitwa mezani: mimi, Mbavu na msimamizi na kikombe chake. Nikamwonyesha. Karibu, mbali. Akaona kwa macho yake unavyoanguka. Msimamizi akatazama chini. Kisha mwenye kiwanda akaniuliza, "Huyu fundi ni mzembe au amefanya makusudi? Niambie wewe unayemjua."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelinoa wiki nzima. Nikafungua mdomo nikasema, "Fundi aliukaza kwa anayefanya kazi karibu. Mimi nafanya kazi mbali. Mwaka huu hatukuulizana, mimi na yeye."

Mawili ya kwanza ni kweli. La tatu ndilo linaloficha: hukuniuliza kwa sababu ulijua jibu, na mimi nilijua kwamba ulijua. Sijawahi kutoa kipimo cha uongo, Kaka, hata msimamizi aliponiomba nilipitishe kasha lake bovu nilikataa. Uongo wangu wa kwanza kazini umekuwa kwa ajili yako. Hilo nalo niongeze kwenye bega.

Hawataandikia karakana yenu. Una kazi yako.

Springi nimeikaza mwenyewe, Mbavu akishika spana na mimi nikimwelekeza, kwa mbali, pale ninapofanya kazi. Ukaelea. Nikaweka kidole kimoja cha mkono wangu mbovu chini ya kiwiko chake, sikusikia uzito wowote. Mwenye kiwanda akasema meza ni yangu kuanzia sasa, mbele ya msimamizi, mbele ya wote waliokuwa wananiita dada wa boliti. Nikakaa kwenye kiti changu. Nilikaa kama nusu saa. Kisha nikaenda ofisini kwake nikaomba ruhusa.

Amenipa mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Nisiporudi, meza ni ya Mbavu. Na kwa jinsi ulivyonieleza hali ya Mama, sote wawili tunajua itakuwa ya nani. Ulichotaka umekipata, na hilo ndilo linalonichoma kuliko bega: kwamba umenivuta kwa hila, na ulipokuwa unanivuta ulikuwa na haki. Ungevunja kile kiapo siku ya kwanza, ningekuja na mikono miwili. Sasa unapata mmoja.

Lakini hata mimi nilipaswa kuuliza. Nilisikia mara ngapi kwamba anaoga, nikacheka. Sitaki kulisema zaidi ya hapo.

Nafika Jumamosi jioni. Usije stendi, sijui nitafanya nini nikikuona mbele za watu. Fungua tu mlango. Tutaelekezana jinsi ya kumshika. Wewe mgongo umekwisha, mimi bega limekwisha, tukiunganishwa tunatoa mtu mmoja mzima, na wa kumwinua Mama ni mmoja. Utalala usiku. Mimi nitamgeuza. Tutagombana ukishalala vya kutosha, nina mengi.

Neno moja la mwisho, na hili nakuomba bila hasira. Usimwambie Mama kwamba nakuja. Ukimwambia atajaribu kusimama.

Nukta